UZI: Paipu ya mafuta ya alumini kwenye gari za huku Tanga, kuchagua na kufunga. Soma kabla hujanunua roli ya paipu

Dereva wa Deep Sea

Wakuu habari za saa hizi. Huu uzi nimewaahidi jamaa wa Ngamiani siku nyingi na leo ndio nimepata nafasi, mvua inanyesha na gari imelala. Nataka tuongee kuhusu paipu ya mafuta ya alumini, yaani ile inayotoka kwenye tenki inapita kwenye chesisi mpaka mbele kwa filta, maana huku pwani paipu za chuma zinaoza kila siku na fundi anakwambia weka alumini hiyo haishiki kutu. Ni kweli haishiki kutu. Ila inaliwa, na ukiifunga vibaya inaliwa upesi kuliko hata chuma, mimi imenila hela na imenilaza Segera usiku na samaki nyuma.

Gari yangu ni Hilux injini 3L, dizeli. Napakia samaki na barafu pale Deep Sea napeleka Muheza, Korogwe, siku nyingine napanda mpaka Lushoto. Anayeijua kazi ya samaki anaelewa, barafu inayeyuka na yale maji yenye chumvi yanadondoka kutoka kwenye bodi yanaingia kwenye chesisi kutwa nzima. Paipu ya chuma iliyokuja na gari ilifia pale juu ya ekseli ya nyuma, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kama ganda la yai. Mwaka 2022 fundi mmoja akanitafutia roli ya alumini, akaipindia kwenye goti, akaibana na vipande vya bati alivyokata mwenyewe akapiga na skrubu, jioni gari imeisha nikalipa nikashukuru.

Miezi kumi na moja tu. Ikaanza kugoma asubuhi, unapiga starta mpaka betri inalegea, unashuka unapampu kile kipampu cha mkono cha juu ya filta weee mpaka kinakuwa kigumu, ndio inawaka, inatoa moshi mweupe inatetemeka kidogo halafu inatulia. Nikaenda gereji nikaambiwa nozeli, nikabadilisha nozeli, ikarudi palepale. Nikaambiwa pampu imechoka, ikashushwa ikafungwa sili mpya, ikarudi palepale. Hapo zaidi ya laki saba imeshatoka mfukoni na kila siku saa kumi alfajiri mimi niko chini ya boneti na tochi mdomoni.

Kilichonifungua macho ni kwamba nikijaza tenki full inawaka starta moja bila shida, tenki ikishuka chini ya nusu ndio inaanza tabia yake. Nikakaa nalo siku tatu. Nozeli haijui tenki lina mafuta kiasi gani, na pampu vilevile haijui. Kitu pekee kinachojua ni paipu. Kwenye hizi dizeli za zamani pampu iko mbele kwenye injini na inavuta mafuta kutoka nyuma, kwahiyo ndani ya paipu hakuna presha ya kusukuma nje, kuna mvuto. Tundu kwenye paipu ya namna hiyo halidondoshi mafuta, linavuta hewa. Tenki likiwa limejaa, mafuta yako juu ya usawa wa tundu kwahiyo linavujisha unyevu kidogo tu ambao kwenye chesisi yenye tope huuoni, tenki likishuka chini ya usawa ule hewa inaingia usiku kucha na mafuta yanarudi tenki. Asubuhi paipu ni tupu.

Nikanunua hozi inayoonyesha ndani, ile mafundi ujenzi wanayopimia levo ya maji, nikakata kipande cha shibiri moja nikakiunga kabla ya filta. Nikawasha. Mapovu yanapita mistari mistari kama soda. Basi nikaingia uvunguni nikafungua vile vibati kimoja kimoja, cha tatu kutoka tenki nikakuta unga mweupe umeganda kama unga wa muhogo, nikaupangusa na kidole, chini yake kuna vishimo vingi vidogo vidogo na kimoja kimetoboka kabisa, ncha ya sindano inapita. Paipu yote iliyobaki inang'aa kama mpya. Imekufa palepale tu bati lilipoikumbatia.

Hicho ndicho nataka kila mwenye gari Tanga akijue. Alumini na chuma zikigusana na katikati kuna maji ya chumvi, inakuwa kama betri, na katika hao wawili anayeliwa ni alumini. Yenyewe ikiwa peke yake ina ngozi nyembamba inayojitengeneza ikikutana na hewa, ndiyo inayoilinda, ila chumvi inaitoboa ile ngozi na chuma cha pembeni kinamalizia kazi. Fundi wangu hakukosea kuchagua alumini. Alikosea kuiachia iguse chuma.

Nitaendelea na namna nilivyofunga ya pili, nataka kwanza kuona kama kuna watu humu.

Kijana wa Barabara ya 12

Tupo kaka endelea. Swali langu, hiyo alumini ni ipi maana mimi nina jamaa fundi madirisha ana mabomba ya alumini membamba mengi tu anayatupa, na kuna zile paipu za AC za magari yaliyochinjwa, si nachukua tu hizo?

Dereva wa Deep Sea

Mdogo wangu ya madirisha achana nayo kabisa. Ile imetengenezwa iwe ngumu isimame wima, ukiipinda inapasuka upande wa nje wa kona, na hata isipopasuka leo imeshapata ufa mdogo ambao barabara itaumalizia. Ya mafuta inatakiwa laini. Huko Marekani wanakofunga sana hizi kwenye magari ya kujenga wenyewe wanatumia aina inaitwa 3003, alama yake mbele ina herufi O, maana yake imepashwa moto ikalainishwa, inauzwa imeviringishwa roli. Ukiona inauzwa imenyooka kama fito na ukiipinda inakataa, hiyo sio.

Ya AC ya gari lililochinjwa nimeshawahi kuijaribu. Kipande kilichonyooka ambacho hakijawahi kupindwa kinaweza kufaa ukikiosha vizuri mafuta ya kompresa yakatoka, ila zile kona usizinyooshe upinde tena. Alumini kila ukiipinda na kuikunjua inakuwa ngumu zaidi, mara ya tatu mara ya nne inakatika. Chukua waya wa alumini wowote hapo ulipo upinde huku na huku utaona.

Saizi usibuni. Mimi nilipima paipu zangu za zamani kwa vernia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, ya kupeleka mm 8 na ya kurudisha mm 6. Za Kimarekani zinahesabiwa kwa inchi, 5/16 ni mm 7.9 hiyo inakubali hozi ya mm 8 bila tatizo, 3/8 ni mm 9.5 hiyo sasa ukiilazimisha kwenye hozi ya mm 8 unaipasua hozi, na ukichukua nyembamba kuliko ya zamani pampu inavuta kwa shida. Unene wa ukuta tafuta karibu mm 0.9, kuna nyembamba sana zinauzwa ukizibana na vidole zinabonyea, hizo waachie wenyewe. Na usisahau ya kurudisha mafuta, watu wanabadilisha moja wanaacha nyingine imeoza.

Fundi Makorora

Mimi ni fundi na nimesoma yote. Sipingi ila naona mnajipa kazi. Miaka yote tunaweka kopa, ile ya friji, inapatikana kila mahali, inapindika kwa mkono na kifaa cha kuflea, yaani kutanua mdomo wa paipu, kila fundi AC anacho. Alumini ya nini?

Dereva wa Deep Sea

Fundi heshima yako. Kopa nimeiendesha kwenye gari ya mzee wangu kwahiyo naijua. Tatizo lake ni mtikisiko, inakuwa ngumu taratibu kila siku inapotikisika mpaka inapata ufa, mara nyingi palepale nyuma ya nati uliyoflea. Na kwenye petroli kuna jambo jingine, kopa inaharakisha petroli kuharibika na kutengeneza ule utando kama gundi, gari inayokaa muda mrefu bila kuwashwa utaukuta kwenye karbureta. Alumini haina hilo la gundi. Ila la mtikisiko nayo ni mgonjwa, nakubali, tena alumini haina kiwango cha mtikisiko unachoweza kusema chini ya hapa itadumu milele, hata mtikisiko mdogo unahesabiwa tu. Ndio maana kwenye kufunga nimekaa siku mbili badala ya jioni moja.

Na fundi, wanaochanganya, kopa kipande alumini kipande, au nati za shaba kwenye alumini halafu chini ya gari la samaki, huko ndio inaliwa kuliko hata na chuma. Nati na viungo tafuta vya alumini, vikikosekana chuma kilichopakwa zinki ni nafuu kuliko shaba.

Fundi Makorora

Hapo kwenye nyuma ya nati umesema kweli, nimeziona nyingi. Endelea na kufunga.

Dereva wa Deep Sea

Haya, kufunga.

Kwanza sikuigusa roli mpaka nilipopata ramani. Nilichukua waya wa kufungia nondo nikaulaza kwenye njia yote ya paipu ya zamani, kila kona nikaupinda, nikautoa mzima nikaulaza sakafuni. Hiyo ndiyo ramani. Ukikosea waya ni buku tu, ukikosea paipu imeshakuwa ngumu.

Roli usiivute kama chemchemi. Ishike mwisho mmoja sakafuni na uiviringishe mbele kama unafungua mkeka, inanyooka yenyewe.

Kukata ni kwa kile kikatio cha kuzungusha cha mafundi wa friji. Msumeno unaacha vumbi la alumini ndani na vumbi hilo linaenda filta, likipita linaenda kwenye pampu. Ukimaliza kukata ndani ya mdomo kunabaki ukingo mkali, utoe kwa ncha ya kisu huku mdomo wa paipu unaangalia chini ili vipande vianguke nje.

Kupinda, tumia benda, kile kifaa cha kupindia paipu. Kona isibane kuliko mara tatu ya upana wa paipu, kwa mm 8 ni karibu mm 24 kutoka katikati, na mimi pale penye nafasi nimeziachia ziwe kubwa zaidi. Kuna wazee walinifundisha kujaza mchanga ndani ili isibonyee, inafanya kazi, lakini mchanga wetu ni wa baharini una chumvi, na punje moja ikibaki ndani umeua pampu ya dizeli. Kama huna benda tafuta ile springi ya kuvalisha kwa nje. Kona ikibonyea hata kidogo kata kipande hicho uanze upya, usiigonge na nyundo irudi kuwa duara.

Njia ya paipu: mbali na ekzosi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na chuma ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na kabla ya kuyeyuka inalegea. Pale ambapo zinalazimika kukaribiana niliweka kizuizi cha bati na nafasi ya hewa katikati. Pia mbali na waya mnene wa betri unaoenda starta. Waya ule ukichubuka ukagusa paipu cheche zake zinatoboa alumini papo hapo, na hapo ndani kuna mafuta.

Sasa klipu, hapa ndipo niliweka moyo wangu wote. Nilitafuta zile klipu zenye umbo la herufi P zenye raba ndani. Ndani ya raba tena nikavalisha kipande cha hozi ya mafuta nilichokichana kwa urefu, kwahiyo alumini haioni chuma popote. Kila sentimita 35 klipu moja. Watu wa nje wanasema hata 45 inatosha, mimi barabara zangu nazijua. Kila tundu la chesisi inapopita niliweka raba ya tundu, tundu ambalo sikupata raba yake sikupita hapo. Na chesisi yenyewe, kila sehemu ya klipu niliisugua kutu nikapaka rangi mbili. Mtu anafikiri apake rangi paipu, hapana, au basi sio paipu peke yake. Ukipaka alumini tu halafu ikachubuka sehemu moja ndogo, chuma chote kile kikubwa kinaila sehemu ile moja, inatoboka upesi zaidi. Kifunike chuma.

Jambo moja dogo ambalo sikulijua mara ya kwanza. Alumini inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Paipu ya mita 3 ukiongeza joto nyuzi 40 inarefuka karibu mm 2.8, chesisi inarefuka nusu yake. Ukiibana imenyooka kabisa toka mwanzo hadi mwisho inajisukuma kila mchana na kujivuta kila usiku. Nimeiacha na kona moja pana katikati inayoweza kucheza kidogo.

Miisho yote miwili ni hozi, usipeleke alumini mpaka kwenye injini. Injini inacheza kwenye mauntini zake na chesisi haichezi nayo. Hozi hiyo pia inakata njia ya umeme, maana waya wa athi wa injini ukilegea, umeme wa starta unatafuta njia nyingine ya kurudi na paipu ya alumini ni njia nzuri sana kwake.

Dada wa Sahare

Asante kaka, nimejifunza mengi. Mimi nina Noah ya petroli ya injekta, paipu yake nayo imeanza kutu karibu na tenki na inanuka petroli ndani ya gari ninapobeba watoto wa shule. Naweza kuweka hii alumini yako na hozi kama ulivyofanya?

Dereva wa Deep Sea

Dada kwanza naomba, hiyo gari isibebe watoto mpaka imetengenezwa. Naongea kwa heshima kabisa. Dizeli ikivuja inachafua, petroli ikivuja chini ya gari yenye ekzosi ya moto ni jambo jingine.

Kwako ni tofauti kabisa na kwangu. Kwangu paipu inavutwa, kwako pampu iko ndani ya tenki inasukuma, presha kwenye injekta ni bar 3 mpaka 4 hivi wakati gari ya karbureta haifiki hata nusu bar. Paipu yenyewe ya alumini laini ya saizi hiyo inaimudu presha ya injekta, shida iko kwenye viungo. Hozi ya kawaida na klipu ya kukaza na bisibisi usiweke. Hozi soma maandishi yake pembeni, iwe imeandikwa SAE J30R9, ile ya R6 au R7 ni ya karbureta na presha ndogo. Na mwisho wa paipu lazima uwe na tuta la kuzuia hozi isichomoke, ukivalisha hozi kwenye paipu laini tupu ipo siku itachomoka.

Ila kwa uaminifu, kama ni gari ya familia tafuta paipu yake yenyewe kwenye gari lililochinjwa la aina hiyohiyo, yenye viungo vyake vya kubonyeza, au ya chuma mpya. Alumini kwenye injekta mpe fundi aliyewahi kuifanya ukaiona ikitembea.

Kijana wa Barabara ya 12

Hilo tuta unalitengenezaje bila mashine? Na kuflea nitumie kile kifaa cha fundi AC?

Dereva wa Deep Sea

Tuta nilitumia kifaa cha kuflea mara mbili, kile cha paipu za breki. Kina hatua mbili, ya kwanza inaufanya mdomo uvimbe kama kibofu na ya pili inaukunja ndani. Unafanya hatua ya kwanza pole pole unasimama hapo, halafu unasugua na msasa laini pasiwe na ukingo wa kuchana hozi. Nilifanyia mazoezi kwenye vipande sita vya kutupa kabla ya kugusa paipu yenyewe.

Kuflea ndio penye mtego. Kifaa cha fundi AC kinatanua mdomo kwa nyuzi 45. Viungo vya alumini vinavyotoka Marekani, vile vya rangi ya bluu na nyekundu vinaitwa AN, vina nyuzi 37, ni mfumo ulioanzia jeshi la nchi kavu na la maji la huko. Mtu anaflea 45 anakaza kwenye kiungo cha 37, mkononi kinaonekana kimekaa, kinagusa mstari mmoja mwembamba tu, kinavuja, anakaza zaidi, mdomo unapasuka. Kama viungo vyako ni 37 tafuta kifaa cha 37, kama ni vya friji 45 baki na 45 mwanzo mwisho. Namba zao pia zieleweke, namba 6 maana yake ni sita ya kumi na sita ya inchi, yaani 3/8.

Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usizungushie hapo. Kinachoziba ni mdomo uliotanuliwa ukikaa kwenye koni, nyuzi za nati, ile mistari ya kukazia, hazizibi kitu. Tepu inakatika vipande inaingia kwenye mafuta.

Kijana wa Barabara ya 12

Poa kaka. Halafu roli ikibaki naweza kuitumia kwenye breki? paipu ya breki ya nyuma nayo imeoza.

Fundi Makorora

HAPANA. Samahani mwenye uzi nimejibu mimi. Breki ukikanyaga kwa nguvu presha inapita bar 70, kanyago la ghafla inapita hata 100. Alumini laini hapo usijaribu hata kwa kutoka gereji mpaka nyumbani. Breki ni paipu ya chuma ya breki. Na hata kwenye dizeli za kisasa za komoni reli, zile paipu ngumu fupi za kutoka pampu kwenda injekta zinabeba zaidi ya bar 1000, hizo hazitengenezwi gereji. Alumini iishie upande wa tenki mpaka filta.

Dereva wa Deep Sea

Ahsante fundi, hilo liandikwe kwa wino mzito.

Nahodha wa Kigombe

Nimesoma kimya. Mimi kazi yangu boti, na pikapu ninayo, naendesha barabara ya Pangani miaka mingi. Nina neno na hizo raba zako. Raba inashika maji ya chumvi. Ukifunika alumini na raba pale maji yakaingia hayatoki, hayapati hewa, na ile ngozi inayoilinda haiwezi kujirudisha bila hewa. Baharini tumeona sana, chuma kisichoshika kutu kinaoza chini ya raba na juu kinang'aa. Unaweza kuwa umeikimbiza kwa chuma ukaipeleka kwa raba.

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta paipu ya kopa iliyochanganywa na nikeli, tisini kwa kumi. Maji ya bahari haiyajali, ndiyo inatumika melini, inapindika kwa mkono, na Volvo waliiweka kwenye breki tangu 1976. Haipasuki kama kopa tupu.

Dereva wa Deep Sea

Mzee shikamoo. Umenigusa palepale, na sitabisha kwa kuwa umesema kweli. Baada ya miezi minne niliifungua klipu moja ya nyuma na nikakuta maji ndani ya ile hozi niliyoichana. Paipu ilikuwa imeanza doa la kijivu, bado laini, halijaingia ndani, ila lilikuwepo.

Nilibadili mambo mawili. Mpasuko wa ile hozi sasa unaangalia chini, mwanzo niliuweka juu kumbe nilikuwa nimetengeneza kikombe. Na kabla ya kuvalisha najaza grisi nzito ili maji yasipate pa kukaa. Hozi ya mafuta haivimbi kwa grisi, ila raba ya tairi la ndani la baiskeli ambayo watu wanapenda kuikata inavimba na kuoza, hiyo msiweke. Kila baada ya miezi mitatu nafungua klipu moja tu, ile ya juu ya ekseli ambayo ndiyo inapigwa zaidi, naiangalia. Na kila nikirudi na mzigo wa samaki naosha uvungu kwa maji baridi ya bomba, dakika tano.

Hiyo ya nikeli nimeiulizia maduka matatu ya mjini sijaipata kwa mm 8, nimeipata ya breki tu. Ingekuwepo siku ile ningeichukua, nakiri.

Nahodha wa Kigombe

Marahaba. Hapo kwenye mpasuko kuangalia chini umefanya vizuri. Nikipata roli ya saizi yako nitakujulisha humu humu.

Dada wa Sahare

Kaka ulijuaje kama haivuji kabla ya kuijaza mafuta?

Dereva wa Deep Sea

Dada swali zuri, wengi wanaruka hapo. Kabla ya kuunga tenki wala filta niliiosha ndani kwa dizeli safi nikaipuliza na kompresa kutoka upande wa injini kwenda nyuma, mara mbili. Niliikinga na kitambaa cheupe mwishoni na kitambaa kilitoka na chembe za alumini zinazong'aa, za kukatia, kwahiyo ile ya pili ilikuwa lazima. Halafu nikaziba mwisho mmoja, mwisho mwingine nikaunga pampu ya baiskeli, presha ndogo tu, nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Kimoja kilitoa povu, nikakifungua nikakuta mdomo una mkwaruzo, nikakata nikaflea upya. Tenki usiliunge kwenye zoezi hilo, tenki halitakiwi kujazwa upepo.

Baada ya hapo nikarudisha kile kipande cha hozi inayoonyesha kwa siku mbili nikiwa natembea karibu karibu, Pongwe na kurudi, tenki nikaliacha robo makusudi. Asubuhi ya kwanza nikaangalia na tochi, hozi imejaa dizeli mpaka juu, hakuna hata povu moja. Nikapiga starta moja ikashika. Nilisimama pale nje nikaisikiliza muda mrefu. Halafu nikaitoa ile hozi, maana sio ya mafuta, ikikaa inakuwa ngumu na kupasuka, nikaweka hozi yenyewe.

Sasa ina miezi kumi na tisa. Jana nimefungua ile klipu ya ekseli, doa la kijivu liko vilevile halijaongezeka, nimepaka grisi nyingine nimefunga.

Kijana wa Barabara ya 12

Kaka mimi gari ni Hilux kama yako ila ya 2L, naomba ule waya wa ramani kama bado unao nikaulinganishe.

Dereva wa Deep Sea

Ninao umening'inia ukutani. Usichukulie moja kwa moja kwamba chesisi zetu zinafanana, njoo nao chini ya gari yako kwanza uulaze, pale usipokaa upinde upya. Njoo Jumapili baada ya adhuhuri, uje na paipu yako ya zamani hata kama imekatika vipande, na vernia kama unayo maana yangu nimeazimisha.